Hewa na Umeme katika Jumba la Sanaa Kisumu: Mwongozo Kamili wa Kubuni Mfumo Utakaodumu

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na hewa yake hubadilika kidogo tu mwaka mzima: mchana joto hufikia nyuzi 29 au 30, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Hakuna majira ya baridi ya kuhitaji hita. Kwa sababu hiyo, wengi wanaopanga jumba la sanaa hapa huanza kwa kuuliza ni viyoyozi vingapi watanunua, kana kwamba adui wa michoro na vinyago ni joto peke yake. Maoni yangu, ambayo mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba mbunifu wa Kisumu anapaswa kuushughulikia mvuke uliomo hewani kwanza, aliachie joto nafasi ya nyuzi kadhaa, kisha anunue umeme na paneli za kutosheleza kazi hiyo ndogo iliyobaki.

Mfano ufuatao unaonyesha kwa nini. Saa nane mchana, hewa ya nje yenye nyuzi 30 inaweza kuwa na unyevuanga wa asilimia 45, na alfajiri hewa yenye nyuzi 18 ikawa na asilimia 90. Ukitazama asilimia hizo utadhani hewa ya alfajiri ina maji maradufu, ilhali kiasi cha mvuke ni karibu kile kile. Asilimia ya unyevuanga hulinganisha mvuke uliopo na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba, na hewa baridi hubeba kidogo. Kipimo kisichodanganya ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huo ungeanza kugeuka matone. Tuseme kiwango hicho ni nyuzi 17. Ukiiacha hewa hiyo kwenye nyuzi 27, unyevuanga utakuwa asilimia 54. Ukiipoza hadi 24 bila kuitoa maji utapata asilimia 65. Ukifika 22, asilimia 73. Na ukifika 20, asilimia 83. Kuvu huwa hatari kuanzia asilimia 65, na ikipita 75 huota bila shaka. Kwa maneno mengine, kiyoyozi kilichochaguliwa vibaya kinaweza kuilea kuvu ambayo chumba kisicho na kiyoyozi kisingekuwa nayo.

Hatua ya kwanza: amua kila kitu kinahitaji hewa ya namna gani

Kabla ya kumwita mhandisi, kaa na mhifadhi mpitie vitu vyote mlivyo navyo au mnavyotarajia kuvipokea. Mchongo wa jiwe la Tabaka kutoka Kisii hauhitaji mashine yoyote. Unataka tu usianguke na usirundikiwe vumbi. Ngoma, kigoda, kibuyu, kofia ya manyoya, kikapu cha mafunjo na kitambaa cha gome la mti hunyonya na kutoa maji pamoja na hewa, kwa hiyo hupasuka au kukunjamana unyevu ukipanda na kushuka haraka. Michoro ya rangi za akriliki ina tatizo lake: rangi hiyo hulainika kwenye joto na vumbi huigandamia, hivyo isitundikwe kwenye ukuta unaochomwa na jua la jioni. Picha na karatasi ndizo dhaifu kuliko vyote.

Kwa miaka mingi majumba ya Ulaya na Marekani yalishikilia nyuzi 20 na asilimia 50 usiku na mchana, na gharama ya umeme ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2014 mashirika mawili ya kimataifa ya wahifadhi, IIC na ICOM-CC, yalitoa tamko la pamoja lililohimiza viwango vinavyozingatia hali ya hewa ya mahali. Kwa vitu vingi, mipaka inayokubalika siku hizi hata katika mikataba ya kuazimana ni asilimia 40 hadi 60 na nyuzi 16 hadi 25, mradi unyevu usiyumbe kwa zaidi ya alama 10 katika saa 24. Miongozo ya wahandisi wa ASHRAE wa Marekani inakwenda mbali zaidi, kwani ina daraja linaloruhusu unyevu wa kati ya asilimia 25 na 75 na joto lisilozidi nyuzi 30 ila mara chache, hatari ya kuvu ikiwa imezuiwa.

Pendekezo langu kwa Kisumu ni kuligawa jumba. Kwa mkusanyiko wa hapa nyumbani weka asilimia 50 hadi 60 na nyuzi 24 hadi 27, na uifanye asilimia 65 kuwa mpaka usiovukwa. Ngoma iliyoishi miaka arobaini katika nyumba ya Kakamega imeizoea hewa yenye maji, na kuilazimisha ghafla kuishi kwenye asilimia 45 ni kuipasua ngozi. Kisha tenga chumba kimoja kisichokuwa kikubwa, kilichozibwa vizuri, cha kupokea kazi za kuazima zenye masharti ya nyuzi 25 kwenda chini. Gharama kubwa ibaki ndani ya chumba hicho kimoja. Anayejenga Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, hatapata tatizo hili kwa kiwango hicho. Kwake usiku ni wa baridi zaidi, na miezi ya Januari na Februari itamtaka aogope ukavu na vumbi kuliko kuvu.

Hatua ya pili: pima mwaka mzima

Nunua vipimo vidogo vinavyoandika joto na unyevu kila baada ya dakika 30. Weka kimoja katika kila chumba, kwenye urefu wa mita moja na nusu, mbali na dirisha na mlango, na kimoja nje kwenye kivuli cha baraza. Viache vipite masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na miezi mikavu iliyo katikati. Kama jengo bado halijasimama, pima katika jengo jirani lenye kuta na paa la namna ile ile.

Vipimo vya bei nafuu hupotoka, na kuvihakiki hakuhitaji maabara. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi ya kawaida ya jikoni, tia matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha ukifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo cha plastiki kisichopitisha hewa kwa saa 24. Hewa ya humo itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, andika juu yake kwa kalamu kwamba kiongezewe alama 4. Rudia zoezi hili kila mwaka. Nimeona mashine ikiendeshwa miezi mingi kwa kipimo kilichopotoka alama 9, na hakuna aliyeshuku mpaka madoa ya kijivu yalipotokea nyuma ya fremu.

Hatua ya tatu: jengo lifanye kazi kabla ya mashine

Hapa ndipo pesa zinapookolewa, nami nakusihi usiharakishe. Katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, kuna boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi na kuitwa Ber-gi-dala. Mpeleke msanifu wako pale saa tisa alasiri aingie ndani ya nyumba ya udongo na nyasi, aweke kiganja ukutani. Kuta nene za udongo hulichelewesha joto na kunywa unyevu wa ziada kisha kuutoa polepole. Nyasi huzuia jua lisishuke. Na upenu mpana unaiweka mvua na mwanga mbali na ukuta. Mambo hayo matatu yanaweza kurudiwa kwa vifaa vya leo.

Jengo likae kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwake, lakini daima likiwa juu, hivyo upenu wa mita moja na nusu unalizuia pande zote mbili. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa jua likiwa chini. Ziwe fupi, zisiwe na madirisha, na ikiwezekana ziwe za stoo ya vifaa, vyoo au ngazi, wala zisitundikwe picha.

Paa la mabati peke yake ni tanuri. Chagua mabati meupe au yaliyopakwa rangi nyeupe ya kurudisha jua, acha nafasi ya hewa inayopita hadi kwenye kofia ya paa, kisha weka dari yenye tabaka la kuzuia joto la unene usiopungua sentimita 10. Kelele ya mvua itapungua pia, jambo ambalo wageni hulishukuru. Kwa kuta, matofali ya udongo na saruji yanayoshikana bila kuchomwa ni chaguo zuri, yakipigwa lipu ya chokaa au udongo kwa ndani. Rangi za mafuta na za plastiki zisitumike hapo kwa sababu huziba ukuta usipumue.

Ghala la kuhifadhia liwe katikati ya jengo, lizungukwe na vyumba vingine, na sakafu yake iinuliwe juu ya ardhi ya nje. Asijenge mtu ghala la chini ya ardhi katika mji huu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakafunika fukwe, na mvua kubwa ya jioni hujaza mitaro kwa nusu saa. Udongo mweusi wa tambarare za Kano nao huvimba kwenye masika na kupasuka kwenye kiangazi, ukivuta msingi na kuacha nyufa ukutani ambazo zitaingiza hewa ya nje utakayolipa umeme kuikausha.

Kuhusu nyufa na mapengo, fuata hesabu hii. Chukua ghala la mita za mraba 60 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 180. Hewa ya nje ina gramu 15 za maji kwa kila mita ya ujazo, na wewe unataka asilimia 55 kwa nyuzi 25, ambayo ni gramu 12.7. Milango ikizibwa kwa mpira na hewa ikabadilika kwa kiasi cha asilimia 30 tu ya chumba kila saa, maji ya kuondoa yatakuwa takriban lita 3 kwa siku. Hewa ikibadilika mara mbili kwa saa, kama ilivyo katika vyumba vingi vyenye madirisha ya vioo vya kupangana, maji hayo yatakuwa lita 20. Gharama ya mipira ya milango ni ndogo, lakini tofauti ni kati ya mashine moja ndogo na mtambo mzima.

Mlango mkuu uwe na kijichumba cha kati chenye milango miwili isiyofunguka pamoja, na mbele yake baraza pana lenye paa. Kila mtu hutoa gramu 50 au zaidi za mvuke kwa saa kwa kupumua na kutoka jasho, hivyo wanafunzi sitini huleta lita 3 kwa saa kabla hujahesabu sare zilizolowa mvua. Wasubiri barazani wakauke, waingie kwa makundi ya watu ishirini. Pale barazani zuia pia taa kali za usiku, kwa maana wadudu wa ziwani wanaoonekana juu ya maji kama wingu la moshi hufuata mwanga, hufa kwa maelfu, huziba vichujio vya mashine na kuwa chakula cha wadudu wengine wanaokula ngozi na manyoya.

Hatua ya nne: chagua mashine ndogo na uzipe kazi mahususi

Katika ghala weka mashine ya kukausha hewa yenye kidhibiti chake cha unyevu, na bomba la kutolea maji linaloteremka lenyewe hadi nje. Ndoo itasahauliwa Jumamosi moja na kumwagika. Soma vizuri karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu lita zinazotajwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, na kwenye hali uitakayo wewe mashine itatoa takriban nusu yake. Kwa lita 3 za hesabu yetu, nunua iliyoandikwa lita 12 au zaidi, na ya akiba ya aina hiyo hiyo ikae kwenye kabati.

Katika kumbi za maonyesho tumia viyoyozi vya inveta vinavyoweza kwenda polepole. Kosa lililoenea ni kununua kikubwa mno: hupoza chumba kwa dakika chache, huzima kabla hakijavuta maji, kisha chumba hubaki baridi na chenye unyevu. Kiyoyozi kidogo kinachoendelea kwa mwendo wa chini hukausha vizuri zaidi. Kiweke nyuzi 25 au 26, na feni za dari zenye mwendo wa taratibu ziwape wageni nafuu. Hewa inayotembea humfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi mbili au tatu zaidi bila kubadili unyevu. Upepo wa kiyoyozi usielekezwe kwenye kazi ya sanaa.

Kuhusu gesi ya viyoyozi, uliza kabla ya kulipa. Gesi ya R-410A ikivuja huipasha dunia moto takriban mara 2,088 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. R-32 ni 675, na R-290 ni chini ya 5. Hizi mbili za mwisho hushika moto, R-290 hasa, kwa hiyo fundi awe amefunzwa kuzishughulikia.

Kufungua madirisha ni jambo la maana likifanywa kwa kipimo. Kidhibiti rahisi chenye vihisio viwili kinaweza kulinganisha kiwango cha umande cha nje na cha ndani, na kuwasha feni za kuingiza hewa pale tu ya nje inapokuwa kavu zaidi. Usitumie asilimia katika uamuzi huu, wala usimwachie mlinzi aamue kwa hisia ya ngozi yake.

Kwa vitu vichache vilivyo dhaifu sana, kabati la kioo lililozibwa vizuri lenye silika jeli, yaani chembe zinazonyonya na kutoa unyevu, chini ya sakafu yake ya kitambaa lina thamani kuliko kukausha ukumbi mzima. Kiasi cha kilo 20 kwa mita ya ujazo, kikiwa kimetayarishwa kwenye asilimia 55, kitalituliza kabati kwa miezi hata stima zikipotea.

Hatua ya tano: mwanga

Tumia taa za LED peke yake. Nguo, karatasi na picha zisipate zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na michoro ya mafuta isizidi 200. Mwanga wa jua usiifikie kazi yoyote moja kwa moja. Weka vihisio vya kuzima taa pasipo na mgeni, na hivyo kuyaongezea maisha maonyesho huku joto likipungua.

Hatua ya sita: hesabu umeme, kisha ndipo upime paneli

Tuchukue ukumbi wa mita za mraba 200 pamoja na ghala lile la 60. Taa za wati 7 kwa mita ya mraba kwa saa 8 hula kilowati-saa 11.2. Viyoyozi viwili vinavyovuta kilowati 1 kila kimoja kwa wastani, kwa saa 8, ni 16. Mashine ya kukausha ya wati 500 kwa saa 10 ni 5. Feni kumi za wati 35 kwa saa 8 ni 2.8. Kamera, kengele, vipimo na intaneti, wati 250 usiku na mchana, ni 6. Ofisi ni 4. Jumla ni kilowati-saa 45 kwa siku.

Jua la Kisumu hutoa takriban kilowati-saa 5.5 kwa mita ya mraba kila siku, na baada ya kuondoa hasara za joto, vumbi na nyaya, kila kilowati ya paneli huleta kama kilowati-saa 4.1. Gawanya 45 kwa 4.1 upate karibu kilowati 11. Ongeza kidogo kwa ajili ya siku za mawingu ufikie 12, yaani paneli 22 za wati 550 zinazochukua kama mita za mraba 57 za paa. Ziinamishe nyuzi 10 ili mvua izioshe, na ziinuliwe sentimita 10 hadi 15 juu ya mabati ili zilitilie paa kivuli. Kwa kuwa asubuhi zetu huwa na anga safi na mawingu hujikusanya alasiri upepo wa ziwani unapokutana na vilima, napendelea sehemu kubwa ya paneli ielekee mashariki, na mashine za kukausha zipangwe zifanye kazi nzito kuanzia saa tatu asubuhi. Kwa njia hiyo dhoruba ya jioni hulikuta ghala limeshakauka.

Usijitenge na gridi. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, katika kaunti ya Nakuru, na kwenye maji, upepo na jua. Mtambo wa Sondu Miriu wa megawati 60 uko karibu nasi. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi. Chagua mfungaji mwenye leseni ya kazi za sola kutoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta,, na uitazame leseni yenyewe.

Betri zihudumie mambo ya lazima peke yake. Ulinzi na vipimo kwa saa 14 za usiku ni kilowati-saa 3.5, na mashine ya ghala kwa saa 5 ni 2.5. Jumla 6, ukizingatia kiasi kisichopaswa kutumiwa na hasara za inveta inayogeuza umeme wa betri uweze kutumika jengoni, betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati yenye kilowati-saa 10 inatosha. Viyoyozi vya ukumbi visiunganishwe nayo. Betri zikae katika chumba chao chenye hewa, mlango wake ukifungukia nje, mbali na ghala. Jenereta naiona haina nafasi hapa ila pale mkataba wa kazi za kuazima unapoitaka.

Hatua ya saba: radi

Nyanza na Magharibi ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye radi nyingi, na paneli juu ya paa ni chuma kilichonyoosha mkono mbinguni. Weka fimbo za radi na nyaya zake, unganisha fremu zote za paneli na ardhi, na hakikisha ukinzani wa ardhi hauzidi omu 10, ukiupima mwishoni mwa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Vikinga-mshtuko viwepo pande zote mbili za inveta na kwenye ubao mkuu wa stima. Ongeza kifaa cha kukata umeme volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi, kwa sababu compressa za viyoyozi huungua wakati stima zinaporudi.

Hatua ya nane: jaribu kabla hujatundika

Kabati na kuta zikiwa bado tupu, na ikiwezekana katika mwezi wa Aprili, endesha mfumo wote kwa wiki mbili mpaka vipimo vitulie. Kisha zima kila mashine kwa saa 48, funga milango, na uache vipimo viandike. Ghala lililojengwa sawasawa litapanda pole pole, alama tano au sita kwa siku mbili. Likipanda alama 15 usiku wa kwanza, mkandarasi bado ana kazi: washa moshi wa udi karibu na kila mlango, kila bomba na kila ungio la dari, uone unakoelekea, uzibe hapo, kisha uzime tena. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yaandikwe katika mkataba tangu mwanzo kuwa yatatolewa grafu ya saa hizo 48 ikishakaa chini ya asilimia 65.